Surf ya 1KZ inachemsha mlimani tu, tambarare iko poa. Rejeta nimeshabadili, sasa tatizo liko wapi?

#1 Surf97_Iringa
Wakuu habari za jioni. Nina Hilux Surf KZN185 ya 1997, injini 1KZ-TE, giaboksi ya oto. Karibu kazi zote nafanya mwenyewe uani nyumbani chini ya mparachichi, bereki, bush, beringi za mbele, mpaka mkanda wa taimingi nimebadili kwa mkono wangu. Sasa kuna kitu kimoja kinaninyima usingizi. Nikitoka Dar mpaka Mikumi mshale wa temperecha hautikisiki, umekaa pale pale. Nikishapita Ruaha Mbuyuni nikaanza kuukwea Kitonga, katikati ya mlima mshale unaondoka ghafla unaelekea kwenye nyekundu. Nikipaki pembeni nikaiacha inaunguruma dakika tano hivi unarudi wenyewe. Imeshatokea mara tatu, ya mwisho nilikuwa na familia na magunia mawili ya vitunguu.

Nimeshaweka rejeta mpya, nimebadili wota pampu, mikanda mipya. Maji hayapungui sana, labda robo lita kwa safari. Oili haijawa rangi ya chai ya maziwa. Nimesikia watu wengi wanasema 1KZ imezaliwa na ugonjwa wa kuchemsha, ni kweli au ni maneno ya vijiweni? Naombeni michango, picha nitaweka kesho.

#2 Chuma_Kizito
Silinda hedi imepasuka hiyo mkuu. Usihangaike na rejeta. 1KZ bloki ni chuma lakini hedi ni alumini, ikichemka mara moja tu inapinda au inapata ufa kati ya valvu. Na wewe imechemka mara tatu. Andaa hela ya hedi.

#3 Bwana_Feni
@Chuma_Kizito wewe kila uzi hedi imepasuka, hata mtu akiuliza wipa. Hedi ikipasuka ingechemsha hata tambarare. Hii ni koplingi ya feni 100%. Angalia mwenyewe, tambarare unakimbia 100, upepo unaingia wenyewe kwenye rejeta bila kuhitaji feni. Kitonga unapanda 30 nyuma ya lori, upepo hakuna, hapo feni ndiyo inatakiwa ifanye kazi na ya kwako imechoka inazunguka kivivu tu.

#4 Chuma_Kizito
Sio lazima ichemshe tambarare. Ufa mdogo unafunguka injini ikibeba mzigo tu, ikipoa unajifunga. Nimeviona.

#5 mpita_njia_tu
Nimekaa hapa nasubiri, na mimi nina Prado tatizo hilo hilo.

#6 Mama_Prado_Mbeya
Kaka mleta uzi, kabla watu hawajakuuzia hedi naomba ujibu haya: 1. Themostati ipo au ilitolewa? 2. Mfuniko wa rejeta umeandikwa namba gani? 3. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa ukiminya hosi ya juu ikoje, na baada ya kuwasha inachukua muda gani kuwa ngumu? 4. Mbele ya rejeta kuna nini?
Mimi nilipitia haya na KZJ95 yangu, injini ni hiyo hiyo yako, nitasimulia nikitoka kazini.

#7 Surf97_Iringa
Asante dada. Themostati haipo. Aliyeniuzia gari alisema fundi wake aliitoa ili maji yazunguke vizuri kwa sababu huku kwetu hakuna barafu. Mfuniko nitaangalia. Mbele kuna ngao ya chuma na winchi na spotilaiti nne kubwa nilizofunga mwenyewe mwaka jana. Pia nimeiinua inchi mbili na nimeweka matairi ya 285/75R16.

#8 Bwana_Feni
Daah. Mkuu hayo yote ulikuwa unatuficha?

#9 Kijana_wa_Gerezani
Themostati kuitoa sio kosa bana, gari ngapi hapa Dar zinatembea bila hiyo kitu. Ni ya nchi za baridi. Nina gari mbili zote nimetoa hazijawahi kuchemsha.

#10 Mama_Prado_Mbeya
@Kijana_wa_Gerezani samahani kaka, hilo ni kosa na limeua hedi nyingi. Hebu ishike themostati ya Toyota mkononi uiangalie, ina valvu ya juu na kule chini ina kisahani kingine. Injini ikiwa baridi valvu ya juu imefunga na maji yanapita njia ya mkato yanarudi kwenye injini. Ikipata moto valvu ya juu inafunguka na kisahani cha chini kinaenda kuziba ile njia ya mkato, ili maji yote yalazimike kwenda kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote. Sehemu ya maji yanazunguka kwenye injini tu bila kuiona rejeta. Tambarare hutajua maana kazi ni ndogo. Mlimani ndipo unapolia.

#11 Kijana_wa_Gerezani
Hapo kwenye kisahani cha chini umenipa kitu kipya. Ila mbona zangu hazichemki?

#12 Mama_Prado_Mbeya
Unapanda mlima gani hapo Dar? 😀

#13 Landi_ya_Nakuru
Salamu kutoka Nakuru. Nyinyi watu wa Toyota mnateseka na umeme na hedi, mimi niko na Defender 110 ya 300Tdi, hapo Mai Mahiu napanda na ng'ombe nyuma na sichemshi. Na kila nati naifungua na spana zangu mwenyewe nikiwa nimelala chini.

#14 Chuma_Kizito
Unalala chini kwa sababu oili inavuja kila mahali, huna pengine pa kulala.

#15 Landi_ya_Nakuru
Oili ikiwacha kuvuja ndio unajua imeisha, hiyo ni geji ya bure. Lakini serious, hata 300Tdi ikipoteza maji kidogo hedi inapinda, ni alumini pia. Mimi nilifunga kengele ya maji, sensa ndogo iko kwenye chupa ya maji, maji yakishuka inapiga kelele ndani ya gari. Ndio kitu ya kwanza kila mtu mwenye dizeli ya zamani anafaa kufunga kabla ya kununua spotilaiti. Geji ya Toyota inadanganya, mshale unakaa katikati kwa nyuzi nyingi sana za joto halafu ukianza kusonga tayari umechelewa.

#16 Surf97_Iringa
Hapo kwenye mshale umenigusa, ndivyo ulivyo wa kwangu kabisa. Ulikaa katikati mpaka dakika ya mwisho.

#17 Safari_Karatu
Wakuu mimi naendesha watalii miaka mingi, gari ni Land Cruiser za 1HZ. Sijui sana 1KZ ila nitasema ninachokijua. Msimu wa nyasi ndefu kule mbugani mbegu zinaingia kwenye rejeta mpaka zinafanya kama mkeka. Ukiangalia kwa mbele unaona kondensa ya AC safi, unasema rejeta iko vizuri. Kumbe uchafu uko KATI ya kondensa na rejeta, huwezi kuuona bila kulegeza kondensa na kuisogeza. Mwaka fulani nilitoa taka zinajaa ndoo ndogo, mbegu, mbawa za nzige, udongo umekauka umekuwa kama tofali. Na ukiosha usipige maji kwa mbele, unazidi kushindilia. Piga kutoka upande wa injini kwenda mbele na presha isiwe kali, mapezi yale ya alumini yanalala. Tangu hapo tunafunga wavu mbele, kipande cha wavu wa dirisha tu kinatosha, na kila jioni unakung'uta.
Hizo spotilaiti nne mleta mada ni ukuta. Toa mbili.

#18 Surf97_Iringa
Rejeta ni mpya mkuu, ila kweli kondensa sikuisafisha nilipofunga. Niliirudisha kama ilivyokuwa.

#19 Hesabu_za_Tairi
Hakuna aliyegusa matairi. Surf hiyo ilikuja na 265/70R16, kipenyo karibu inchi 30.6. Wewe umeweka 285/75R16 ambayo ni karibu 32.8. Ni ongezeko la asilimia 7 na kitu. Maana yake kila gia imekuwa ndefu zaidi, injini inavuta mzigo ikiwa na mizunguko michache, na kwenye oto ndio mbaya zaidi. Pia spidomita yako inakudanganya, ikisoma 100 unaenda 93.

#20 Mwl_Fizikia
Hesabu ya tairi ni sahihi ila mwisho umegeuza. Tairi likiwa kubwa kila mzunguko unaenda mbali zaidi, kwa hiyo spidomita ikisoma 100 wewe unaenda kama 107. Ukimwambia 93 atakamatwa na tochi za trafiki.

#21 Hesabu_za_Tairi
Kweli mkuu, nimekubali, nilichanganya. 107.

#22 Dizeli_Damu
Mimi nasema ni pampu. Kuna mafundi wanafungua ile skrubu ya dizeli nyuma ya pampu ili gari iwe na nguvu, matokeo yake moshi mweusi mlimani na joto la moto wa egzosi linapanda vibaya, hedi inaungua. Mwambie fundi airudishe robo mzunguko.

#23 Bwana_Feni
@Dizeli_Damu hiyo skrubu iko kwenye 1KZ-T. Hii ni TE, pampu yake inaendeshwa na kompyuta, dizeli inapimwa kwa umeme. Hakuna skrubu ya kurudisha.

#24 Dizeli_Damu
Nilifunga moja mwenyewe kwenye Prado.

#25 Bwana_Feni
Prado KZJ78 au 95? Na ilikuwa na waya ngapi kwenye pampu?

#26 Dizeli_Damu
Sikumbuki waya. Lakini kuna watu wanaweka kisanduku cha umeme kudanganya kompyuta iongeze dizeli, kwa hiyo hoja yangu ya joto iko pale pale. Mleta mada aseme kama inatoa moshi mweusi.

#27 Surf97_Iringa
Moshi upo kidogo nikikanyaga mwisho, sio wa kutisha. Kisanduku sina.

#28 Bin_Maskati
Assalaam alaykum ndugu zangu. Mie niko Maskati huku, asili yangu Unguja, gari yangu Land Cruiser FZJ80 ya petroli lakini suala la feni ni moja. Huku kiangazi joto linapita 45, na tukipanda Jebel Akhdar, njia ambayo polisi hawakuruhusu kupita ila uwe na gari ya magurudumu manne, basi feni ikiwa mbovu hufiki juu. Koplingi ya feni ndani yake mna mafuta ya silikoni. Yakizeeka yanapungua na kuwa mepesi, feni inateleza. Watu wanatupa koplingi nzima na kununua mpya ya bandia, kumbe ukifungua zile skrubu zinazoshika nusu mbili ukasafisha vizuri ukatia mafuta mapya inarudi kama ilivyotoka kiwandani.

Toyota wenyewe wanauza mafuta hayo kwa mirija midogo ya mililita 18, namba 08816-10001, huo ni mnato wa 10,000. Iko na nyepesi yake, 08816-03001, ya 3,000. Mie nilitia ile nzito mirija miwili. Kazi yote saa mbili kwenye kibaraza. Zingatia kuiweka koplingi imelala baada ya kutia, iwache mafuta yashuke taratibu, hayana haraka yale, ni kama asali ya baridi.

Kupima kwanza: asubuhi ukiwasha gari utasikia feni inavuma kwa nguvu sekunde chache kisha inatulia. Halafu injini ikiwa moto kweli kweli, zima, izungushe feni kwa mkono. Ikizunguka raha mustarehe mara tatu nne, imekwisha. Ikiwa inakataa kataa, nzima.

#29 Kijana_wa_Gerezani
Hiyo silikoni Dar sijawahi kuiona dukani. Si unaweza kuweka oili ya difu? Na yenyewe nzito.

#30 Bin_Maskati
La hasha ndugu yangu. Oili ya difu ikipata moto inakuwa kama maji, silikoni ndiyo inayobakisha unene wake kwenye joto. Mtu wa Dubai au huku akija likizo anaweza kukubebea, ni mirija midogo.

#31 Chuma_Kizito
Yote ya nini hayo. Toboa koplingi piga bolti mbili, feni ifungane moja kwa moja na shafti. Inazunguka muda wote. Gari za shamba zote ndivyo zilivyo.

#32 Safari_Karatu
@Chuma_Kizito hapo nakataa kwa nguvu zote. Nilifanya hivyo gari moja. Kwanza kelele kama ndege inapaa, pili dizeli inaliwa. Siku moja nimeingia mtoni maji yamefika kwenye ngao, feni ya kawaida ingelegea na kusimama, hii yangu imefungwa na bolti ikaendelea kukata maji. Mapanga yakapinda kwenda mbele yakachana rejeta. Tumelala mtoni na wageni wanne, mmoja wao mzee wa miaka 70. Sitasahau.

#33 Chuma_Kizito
Hapo sina la kusema. Pole sana.

#34 Kondoa_Moja
Ngoja niseme kitu kimoja kuhusu mfuniko wa rejeta kwa sababu nina kovu. Wakati gari imechemka USIFUNGUE. Nilifungua Land Cruiser ya mzee wangu nikiwa na kitambaa mkononi, nilidhani nimesubiri vya kutosha. Mvuke ulitoka na kile kitambaa, ukanimwagikia mkono wote wa kulia mpaka kwenye kiwiko. Ngozi ilitoka kama soksi. Wiki tatu sikushika spana. Subiri mpaka uweze kushika hosi ya juu kwa mkono mtupu bila kuitoa, hapo ndio ufungue.

#35 Mwl_Fizikia
Pole kaka. Na sababu yake ni hiyo namba kwenye mfuniko dada aliyoiuliza. Nyingi za Toyota zimeandikwa 0.9 au 1.1, ndiyo shinikizo zinaloshika. Kwa 0.9 maji usawa wa bahari yanachelewa kuchemka mpaka karibu nyuzi 118. Ukifungua, shinikizo linaondoka mara moja na maji yaliyokuwa na nyuzi 110 yanageuka mvuke papo hapo. Pia mfuniko ukiwa umechoka unashika kidogo tu, Iringa kwenyewe mwinuko umeshusha kiwango cha kuchemka, basi unachemsha mapema.

#36 mpita_njia_tu
Kwa hiyo nikiweka ya 1.1 badala ya 0.9 gari itapoa zaidi?

#37 Mwl_Fizikia
Haipoi hata nyuzi moja. Inachelewa tu kuchemka. Na hosi zako za miaka 25 zitakuja kukuambia kilichotokea.

#38 Mama_Prado_Mbeya
Nimerudi. Niwasimulie ya kwangu, samahani kwa urefu.

Prado yangu ilianza hivi hivi, milimani tu. Gereji ya kwanza wakasema rejeta, wakaizibua. Gereji ya pili wakasema rejeta, wakaniuzia nyingine. Nikachoka nikaanza kusoma kitabu cha gari usiku kwa usiku. Nikagundua asubuhi nikiwasha injini baridi, hosi ya juu inakuwa ngumu kama fimbo ndani ya sekunde kumi na tano, wakati maji bado ni ya baridi kabisa. Maji ya baridi hayawezi kutengeneza shinikizo, hiyo ni gesi ya moto kutoka ndani ya silinda inaingia kwenye maji. Nikifungua mfuniko kabla sijawasha, nikawasha ukiwa wazi, naona mapovu madogo madogo yasiyoisha.

Nikaishusha hedi mwenyewe na mdogo wangu, siku mbili na nusu. Bolti zote nilizichomeka kwenye kipande cha boksi nililotoboa mashimo kwa mpangilio ule ule zilivyokaa kwenye hedi, nikaandika mbele na nyuma kwa kalamu ili nisichanganye. Tulipoigeuza nikaisafisha kwa mafuta ya taa na kitambaa cheupe, sikuona kitu. Mdogo wangu akamulika tochi ya simu kwa ubavu, ndipo tukauona, silinda ya tatu, mstari mwembamba kama unywele kati ya valvu mbili. Ukipitisha ukucha unakwama kidogo tu. Kitu kidogo vile kilikuwa kimekula mshahara wangu miezi sita.

Nikaagiza hedi tupu ya AMC kutoka Hispania, haikuwa bei ya kitoto. Sasa hapa ndio wengi wanakosea: gasketi ya 1KZ ina unene tofauti tofauti, sio moja. Unapima pistoni zinachomoza kiasi gani juu ya bloki ndipo unachagua gasketi. Mimi niliazima saa ya kupimia (dial gauge) kwa fundi wa kerezo. Ukifunga nyembamba mno au nene mno utarudi huko huko. Na bolti zinafungwa kwa toki renchi kwanza kisha kwa nyuzi za kugeuza, sio kwa kuhisi na mkono.

Mpaka leo ni mwaka wa pili, napanda mpaka Tukuyu na kurudi bila shaka. Ila sisemi kwamba na yako ni hedi. Fanya kwanza kile kipimo cha hosi, ni bure.

#39 Landi_ya_Nakuru
Dada heshima. Hiyo ya boksi na mashimo naiba.

#40 Kijana_wa_Gerezani
Nakupigia saluti. Nimetoka kuagiza themostati mbili sa hivi 🙏

#41 Kituo_Cha_Oto
Mmesahau kitu kimoja kikubwa, ni OTO. Oili ya giaboksi inapozwa ndani ya rejeta hiyo hiyo ya maji. Ukipanda mlima taratibu na tairi kubwa, giaboksi inateleza kwenye kigeuzi (torque converter) muda wote na kutengeneza joto kali, joto lote linamwagwa kwenye maji ya chini ya rejeta. Injini haina kosa kabisa. Zima ile O/D (overdrive, gia ya juu kabisa) kabla hujaanza kupanda, shusha gia mwenyewe iwe 2, injini izunguke kwa kasi, wota pampu na feni navyo vizunguke. Halafu funga kipoza oili cha pembeni, hata cha mtumba, rejeta ya maji uipumzishe. Na rejeta za bandia zile, ikipasuka kwa ndani maji yanaingia kwenye oto, oili inakuwa kama maziwa ya stroberi, giaboksi kwaheri.

#42 Bwana_Feni
Hapo kwenye O/D nakubali. Ila kuzima O/D kumesaidia kwa sababu feni imezunguka zaidi, tunarudi kule kule kwenye feni 😀

#43 Kituo_Cha_Oto
Wewe hata ukiumwa jino utasema feni.

#44 Dodoma_Maji_Chumvi
Na maji mnayotia? Huku kwetu maji ya kisima yana chumvi mpaka birika linaota magamba meupe. Watu wanajaza hayo hayo kwenye rejeta wanashangaa. Magamba yanakaa ndani ya bloki, rejeta mpya haisaidii kitu. Tumia kulanti nyekundu nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa (distilled), au maji ya mvua ukikosa. Angalieni pia kulanti za barabarani, nyingine ni maji na rangi tu.

#45 Surf97_Iringa
Wakuu nawashukuru wote, sikutegemea. Mrejesho wa wiki mbili:

Mfuniko ulikuwa wa 0.9 lakini mpira wake umekauka umepasuka, nimenunua mpya wa 0.9. Themostati nimerudisha, na kile kitundu chenye kipini nimekielekeza juu kama kitabu kinavyosema ili hewa itoke. Kondensa nimelegeza, @Safari_Karatu ulisema kweli, nimekuta majani na matope unene wa kidole kwenye nusu yote ya chini, na katikati ya matope kuna mbegu zilikuwa zimeanza kuota. Rejeta mpya ilikuwa inapumulia kwenye blanketi. Spotilaiti mbili nimezipandisha juu kwenye keria. Feni nimeipima moto, ilizunguka mara mbili na nusu, silikoni naletewa na shemeji kutoka Dubai mwezi ujao.

Jumamosi nimeteremka Kitonga mpaka Mbuyuni makusudi, nikageuza kupanda. O/D nimezima, gia ya 2. Mshale haukutikisika mpaka Ilula!

#46 Kijana_wa_Gerezani
Hongera mkuu! Themostati hiyo.

#47 Safari_Karatu
Matope hayo.

#48 Kituo_Cha_Oto
Alizima O/D, mmesoma?

#49 Mwl_Fizikia
Ulipanda saa ngapi na ulikuwa na mzigo gani?

#50 Surf97_Iringa
Saa kumi na mbili jioni. Nilikuwa peke yangu.

#51 Chuma_Kizito
Basi bado hujapima. Rudi saa nane mchana, watu watano na vitunguu.

#52 Mama_Prado_Mbeya
Hapo yuko sahihi. Na kipimo cha hosi hukutuambia.

#53 Surf97_Iringa
Nimefanya leo asubuhi kabla jua halijatoka. Kabla ya kuwasha hosi laini kabisa. Nikawasha nikawa naiminya huku nahesabu. Mpaka dakika moja laini. Dakika ya pili imeanza kukaza kidogo, sio ngumu kama fimbo ila sio laini kama mwanzo. Maji bado ya vuguvugu. Mapovu nimeona matatu manne kisha yakaisha.

#54 Chuma_Kizito
Ufa.

#55 Bin_Maskati
Si lazima. Umetoka kumwaga maji na kujaza upya, hewa iliyobaki ndani lazima itoke. Tembeza gari siku tatu nne, iwache ipoe, ongeza maji, kisha rudia kipimo kile kile asubuhi.

#56 Mama_Prado_Mbeya
Naungana na shehe. Ila dakika mbili maji yakiwa vuguvugu mimi sijaipenda. Alhamisi rudia, na safari hii andika muda kwa saa ya simu na uweke picha.

#57 Surf97_Iringa
Sawa dada. Alhamisi saa kumi na moja na nusu alfajiri niko chini ya mparachichi.